Waliohama kwa Hasira

Mwaka 1986 Canon ilitoa T90, kamera ya filamu ambayo wapiga picha wengi wanaitaja kwa heshima hadi leo. Aliyeinunua aliamini kwamba lenzi zake za FD, mfumo ulioanza mwaka 1971, zingemtumikia miaka mingi. Mwaka mmoja tu baadaye kampuni ileile ikaleta EOS 650 yenye pete mpya ya kufungia lenzi, EF. Lenzi za FD hazikuingia. Zilitengenezwa zikae milimita 42 kutoka kwenye filamu, na EOS ilidai 44. Milimita hizo 2 zilitosha kuharibu kila kitu: ukifunga adapta isiyo na kioo, vitu vya mbali vinatoka na ukungu.

Hasira ilikuwa kubwa, tena ya haki. Mtu aliyemaliza akiba yake kwa lenzi moja ndefu aliachwa kwenye mataa. Wapo waliouza kila kitu wakahamia Nikon, ambayo pete yake ya F ilidumu tangu 1959. Nawaelewa. Ila walitazama jinsi walivyotendewa, wasiulize kwa nini Canon ilikubali kuwaudhi wateja wake kiasi hicho.

Sababu ilikuwa mota. Nikon ya wakati huo iliweka mota ya kulenga ndani ya bodi, ikaizungusha lenzi kwa kijiti chenye ncha ya bisibisi. Canon iliweka mota ndani ya kila lenzi, na amri zote zikapita kwa umeme. Kwa mpiga picha za mandhari tofauti hiyo haikuwa na uzito wowote; aliyebaki Nikon alibaki salama. Lakini ukishika lenzi nzito ya milimita 300 huku mchezaji anakuja mbio kwako, kasi ya mota ndiyo inayoamua kama una picha au huna. Katika miaka ya 1990 pembezoni mwa viwanja vikubwa pakajaa lenzi nyeupe za Canon. Hasira, hasara: mpiga picha za michezo aliyehama mwaka 1987 alibaki na mambo mawili, aachwe nyuma na wenzake au auze vifaa vyake mara ya pili kwa bei ya kutupa.

Na pete ya F nayo haikudumu milele. Mwaka 2018 Nikon ilileta pete mpya, Z. Ilitoa adapta ya FTZ kwa lenzi za F, lakini haikuwa na mota, kwa hiyo lenzi za zamani zilizotegemea mota ya bodi zinalengwa kwa mkono.

Wewe unayetaka kuuza lenzi zako wiki hii, kwanza andika kazi ulizokosa kwa sababu ya kamera uliyonayo. Kodi kamera ile unayoitamani, ukapige nayo kazi moja ya kweli. Karatasi ikibaki tupu, usiuze.