Je, Mwonyaji Amesema Uongo?

Ndugu msomaji, mtu akionya juu ya hatari, kisha hatari hiyo isifike, je, amesema uongo? Swali hili si la watu wa pwani peke yao. Hata mkulima wa Rugera, kule Karagwe, aliye mbali na Bahari ya Hindi, huonywa juu ya mnyauko wa migomba. Naye yampasa kulijua jibu.

Tazama yaliyotokea mwezi wa Aprili, 2019. Kimbunga Kenneth kilizaliwa baharini, kaskazini ya Madagaska, na kwa muda mfupi kikapata nguvu za kutisha. Sababu ni hii: bahari ikiwa na joto la kiasi cha digrii 27 au zaidi, hutoa mvuke mwingi. Mvuke ukipanda na kugeuka mawingu hutoa joto. Joto huinua hewa. Na pepo hukimbilia kujaza mahali pake, zikileta mvuke mwingine. Pepo za juu zisipouvuruga mzunguko huo, mwendo wa upepo waweza kuzidi kwa kilomita 55 kwa saa katika siku moja tu. Basi anayengoja kuona kwa macho yake huwa amekwisha chelewa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilionya, na huko Mtwara shule zikafungwa. Tarehe 25 Aprili kimbunga kikapiga kusini ya mpaka, Cabo Delgado, Msumbiji, kwa upepo wa kilomita zipatazo 220 kwa saa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mtwara ikasalimika.

Yuko atakayesema: "Tulihangaishwa bure." La! Mwonyaji hakuahidi msiba. Alieleza hatari iliyokuwapo kweli. Onyo hupimwa kwa yaliyojulikana lilipotolewa, wala si kwa maafa yaliyofuata. Watu wa Nabii Yunus walionywa, wakatubu, wakaokoka; je, kuokoka kwao kulimfanya kuwa mwongo? Hasha!

Lakini mwonyaji naye ana wajibu: asikuze hatari ili aogopwe, wala asiipunguze ili apendwe. Aonyaye ovyo huwanyang'anya watu imani watakayoihitaji kesho. Na kesho huja: Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania yenyewe, upande wa Mafia.

Basi, ndugu yangu, ukionywa na mkweli kisha ukasalimika, usimcheke. Mshukuru Mungu, na kesho umsikilize tena. Soko lililofungwa siku moja hufunguliwa. Roho iliyozama hairudi.