Wafike Wote Pamoja



Katika nchi ya Australia kuna shindano la kutafuta njia porini, liitwalo rogaini. Asili yake ni matembezi ya saa 24 yaliyoanzwa na wapanda milima wa chuo kikuu cha Melbourne mwaka 1947. Kanuni zake zilitungwa mwaka 1976, na tangu 1992 watu wa mataifa mbalimbali hukutana kushindana. Kundi ni la watu wawili hata watano. Hupewa ramani, hushika dira, nao huenda mchana na usiku milimani na misituni wakitafuta alama zilizowekwa huko na huko. Saa zikitimia, sharti wawe wamerudi. Wakichelewa hupunguziwa hesabu, na wakipitisha nusu saa, kazi yao yote yafutwa.

Lakini kanuni iliyo kubwa ni hii: watu wa kundi moja wasiachane. Kila mmoja awe karibu na wenziwe hata waweze kusemezana. Mwenye mbio akifika penye alama peke yake, hajafika. Mmoja akishindwa kabisa, wengine hawana ruhusa ya kumwacha na kuendelea. Hurudi naye kambini. Tena wakisikia firimbi ya mtu aliye hatarini, hata akiwa wa kundi lingine, sharti waache shindano na kumsaidia. Wawindaji wa vijiji vya huku hawakungoja kufundishwa jambo hilo na watu wa Australia. Hata hivyo ni vema kuona kwamba watu wa mbali wameliandika kuwa sheria.

Wanaoingia mara ya kwanza hukosea karibu namna moja. Mwanzoni miguu ni myepesi, na wenye nguvu hutangulia. Nyuma yuko mmoja ambaye kijiwe kimeingia katika kiatu chake. Aona haya kusema, “Ningojeni.” Ajiambia kwamba ni kitu kidogo, asiwacheleweshe wenzake. Kijiwe kinasugua, ngozi yafanya lengelenge, lengelenge lapasuka, na usiku ukiingia hawezi tena kukanyaga. Angalisema mapema, wangalisimama muda wa kufungua kiatu tu. Sasa wote wanakwenda polepole gizani, na alama za mbali zimewapotea. Ni nani aliyewaponza? Si mwenye kijiwe peke yake. Waliotangulia hawakugeuka kumtazama, na haraka yao ndiyo iliyomfunga kinywa.

Kijiwe cha namna hiyo kimo katika mafundisho pia. Mtoto wa mama fulani ameugua, jamaa wameleta hirizi, naye ameipokea. Kisha aona haya kumwambia katekista. Mzee fulani hajashika Nasadiki, vijana wakamcheka. Jumapili ya pili hakuja. Baada ya miezi watu husema, “Yule ameacha dini.” Kumbe alianza kuacha siku ile alipoona haya, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Musa aliwakumbusha Waisraeli jinsi Waamaleki walivyowavizia jangwani: waliwapiga wale waliochoka, waliobaki nyuma. Adui wa roho naye huwinda vivyo hivyo.

Tena mkumbukeni Miriamu, dada yake Musa. Alimnung’unikia ndugu yake, akapatwa na ukoma, akafungiwa nje ya kambi siku saba. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Taifa zima lingaliweza kusema kwamba nchi ya ahadi iko mbali, nao wamwache. Hawakusafiri. Walikaa Haserothi pamoja na watoto wao na mifugo yao, wakimngoja mwanamke mmoja mkosefu, hata aliporudishwa kambini. Ndipo waling’oa hema.

Basi Jumapili ijayo, kabla ya kufungua katekisimu, tazameni nani hayupo. Wawili wamwendee nyumbani kwake. Wasianze kwa kumlaumu; wakae kwanza, waulize habari za watoto na za shamba, na wakimkuta katika kazi wamsaidie. Wenye kushika maneno upesi wakae karibu na wale wazee, wawarudilie sala bila kucheka. Nawe uliye na kijiwe, usingoje usiku: mwambie katekista ao msimamizi wako leo.