Tumchukueje Mgonjwa Wetu?

Masomo: Marko 2:1–12, Luka 10:30–35



Habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu twaijua tangu utoto wetu. Leo twataka kuwatazama wale watu wanne waliomchukua. Injili haituambii majina yao, yatuonyesha kazi yao tu. Mtu yule hakuweza kwenda kwa miguu yake, basi walimchukua amelala katika godoro lake. Nao walipoona mlango umezibwa na watu, hawakumpenyeza katika msongamano ule. Waliuacha mlango, wakapanda darini, wakamshusha. Walimtazama mgonjwa kwanza, ndipo wakachagua njia.

Sisi mara nyingi twaanzia upande wa pili. Twauliza chombo gani ki karibu na nauli yake ni kiasi gani, kisha twaulazimisha mwili wa mgonjwa ukifuate chombo. Ndugu, yatupasa kugeuza.

Hatusemi hapa habari za hatari ya ghafula. Mama mwenye uchungu au mtoto mchanga akizidiwa, pigeni simu 115 bila malipo. Huo ndio mpango wa m-mama, ambao serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022. Twasema habari za safari zenye nafasi ya kufikiri: aendaye kliniki, arudiye kufunguliwa plasta, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, aliyeandikiwa rufaa ya Mbeya.

Nchi yetu ya Ufipa yaijaribu safari. Sumbawanga iko juu, karibu meta 1,800, na Bonde la Rukwa liko chini yake kwa meta zipatazo 1,000. Atokaye Muze au Mtowisa hupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwa kona nyingi. Atokaye Kasanga, penye Ziwa Tanganyika, ana kilometa zipatazo 110 kupitia Matai. Aendaye Mbeya kupitia Laela na Tunduma ana zaidi ya kilometa 300. Masika njia za vijijini hushika matope. Juni na Julai baridi ya uwandani huingia mifupani. Mzima huichoka safari hiyo, mgonjwa je?

Basi, kabla ya kuita chombo, tumwulize mganga au muuguzi maneno matatu. Kwanza: Je, aweza kukaa mwenyewe, na kwa saa ngapi? Pili: Je, njiani atahitaji dawa, hewa ya oksijeni, au mtu ajuaye uuguzi? Tatu: Ni jambo gani likitokea litupasa kusimama au kurudi?

Majibu yake ndiyo yatakayochagua chombo. Akaaye mwenyewe bila kizunguzungu, asiye na kidonda wala maumivu, aweza kupanda basi, au bajaji kwa mwendo mfupi mjini. Lakini aliyepasuliwa tumbo juzi, au aliyepooza upande mmoja, asipandishwe pikipiki, wala asibanwe katikati ya watu wawili kwa namna ile iitwayo mshikaki. Mwenye mguu katika plasta apewe kiti cha nyuma chote cha gari dogo, aunyoshe mguu juu ya mto. Mwenye kifua kikuu aketi penye dirisha wazi, afunike kinywa akohoapo. Aliyeumia uti wa mgongo, na yule ahitajiye oksijeni, wangojee gari la wagonjwa lenye kitanda na muuguzi. Hapo kumngojea ndiko kumpenda. Na pale gari lisipofika, machela ya mababa zetu, miti miwili na blanketi imara, ikishikwa na watu wanne wenye mwendo mmoja, yashinda pikipiki ya mbio.

Mtu atasema, Gari la kukodi ni ghali, nasi tu maskini. Ni kweli, na neno hili si dogo. Lakini godoro lile lilikuwa na pembe nne, na kila mtu alishika yake. Katika usharika mmoja atolee nauli. Wa pili amsindikize, achukue barua ya rufaa, dawa, maji na blanketi. Wa tatu awatazame watoto na shamba. Wa nne aende kumrudisha. Mzigo uuao mtu mmoja hauwashindi wanne.

Nasi twataka kumkazia yule wa nne, maana ndiye tumsahauye. Mchango wa kumpeleka mgonjwa hukusanywa upesi, kwa kuwa hofu hutuhimiza. Lakini aliyeruhusiwa, je? Aketi barazani na furushi lake, siku ya kwanza, siku ya pili, akingoja ndugu asiyekuja. Mwisho apanda chombo chochote, na kidonda kilichoshonwa vema hospitali chafunguka njiani. Yule wa Kapernaumu alirudi nyumbani akijichukulia godoro lake. Wagonjwa wetu walio wengi hurudi wangali dhaifu, na godoro lao yatupasa sisi kulichukua.

Mkumbukeni Msamaria. Alimpandisha yule aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake mwenyewe, alimlipia nyumba ya wageni, kisha aliahidi kulipa zaidi arudipo. Huruma yake haikuishia mlangoni.

Basi, ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa, msiwaombee wagonjwa kwa majina tu. Ulizeni pia: Atakwenda kwa chombo gani? Atarudi lini, na nani atamfuata? Andikeni majina ya wenye magari walio tayari, na wekeni akiba ya safari ya kurudi kabla mgonjwa hajaondoka.

Ee Bwana Yesu, uliyeiona imani ya wale wanne, utupe macho ya kumtazama mgonjwa kabla ya kutazama mfuko wetu, na mikono isiyoiachia pembe yake njiani. Amina.