Nauli ya Kutoka Iringa

Kisa hiki nimekitunga, ila mambo yake yanatokea kila siku. Kijana mmoja wa Mbalizi, fundi redio, ana usonji. Kusoma uso wa mtu kunampa shida, na ukimwambia "nakuja sasa hivi" anaanza kuhesabu dakika. Kuchati kulimfaa: hakuna kutazamana machoni, hakuna kelele, na jibu unalifikiria kwanza.

Siku ya tatu ya kuchati, binti mmoja wa Iringa akamwita "mume wangu". Akaamini, maana yeye mwenyewe hasemi asichomaanisha.

Likaja ombi la nauli ya kuja kumwona, shilingi 30,000. Kabla hajaweka namba ya siri, simu ikaleta jina la mpokeaji. La mwanamume. Akauliza. "Laini ya kaka, mpenzi." Akatuma, kisha akashinda stendi akichungulia kila basi lililotoka upande wa Makambako, mpaka giza likaingia. Kesho yake mama wa binti akawa mgonjwa, kijana akatuma tena. Mwisho akaombwa picha za faragha, na alipozituma tu, ombi likageuka tishio: leta hela, la sivyo nakuanika.

Mtaani walishamcheka: "Umeliwa nauli!" Utani huu umeenea nchini, na ndio uliomfunga mdomo kuhusu hilo tishio. Hilo linaniuma kuliko hela zenyewe.

Dada yake alipogundua hakucheka, wala hakumnyang'anya simu. Mtu mzima mwenye usonji ana haki ya kupenda kama sisi. Kumwambia "uwe makini" hakumwonyeshi afanye nini, kwa hiyo alimwandikia kanuni kwenye karatasi: jina lisipolingana, hutumi. Hajakupigia video ukamwona, hutumi. Picha ya mwili, kamwe, hata akilia. Kukutana ni mchana, penye watu, nami nijue.

Hawakufuta ujumbe hata mmoja. Waliuripoti kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya kuripoti matapeli, wakaenda na simu polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa vitisho vya namna hiyo.

Baadaye binti mwingine, wa Tukuyu, akamwomba hela ya vocha. "Nipigie video kwanza, dada," akamjibu. Akapiga. Wamepanga kuonana Jumamosi saa sita mchana, mgahawani karibu na soko la Mbalizi, na dada mtu ana habari.