Sheria Ikibadilika Katikati ya Mchezo

Kila mchezo ni mapatano. Wawili wakiketi mbele ya bao, kabla kete haijasogezwa wamekwisha kukubaliana, pasipo kutamka, juu ya lipi halali na lipi haramu. Je, aliyeitunga sheria ana haki ya kuigeuza ilhali mchezo ungali unachezwa?

Swali hili limewaudhi sana wachezaji wa EVE Online, mchezo wa kompyuta uliotungwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Aisilandi, ukafunguliwa Mei 2003. Maelfu ya watu hukutana kwa njia ya intaneti katika anga ya kubuni. Huchimba madini, hufanya biashara, huunda vyama na kupigana vita. Chombo kikubwa kuliko vyote huitwa Titan. Kukijenga kwahitaji madini mengi na kazi ya watu wengi, na kwa miaka mingi rubani wake alilazimika kusubiri miezi mingi, miezi halisi ya kalenda, hata aupate ujuzi wa kukiendesha.

Novemba 2014 watunzi waliibadilisha sheria ya safari. Awali vyombo vikubwa viliweza kuivuka anga kwa dakika chache, vikaangukia vita vya wanyonge na kuvimaliza. Kwa sheria mpya, vingi vya vyombo hivyo havikuweza tena kuruka zaidi ya miaka 5 ya nuru kwa mruko mmoja, na kila mruko ulileta uchovu uliomlazimu rubani kungoja. Wenye vyombo wakanung'unika kwamba jasho lao limepunguzwa thamani kwa kalamu ya mtu mmoja.

Yuko atakayecheka: mtu mzima analilia chombo kisichoshikika! Mimi sicheki. Alichokitoa mtu huyo ni sehemu ya umri wake, na umri ukishatolewa haurudi, uwe umetolewa shambani au mbele ya kompyuta.

Hata hivyo, uchungu peke yake si ushahidi wa dhuluma. Yatupasa kutenganisha haki na nafasi. Mwaka 1992 sheria ya kandanda ilimkataza golikipa kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Walinzi waliozoea kupoteza muda kwa hila hiyo walipoteza nafasi; haki hawakupoteza, na mchezo ukachangamka. Kadhalika mwenye Titan hakuahidiwa kwamba atawatisha wadogo milele. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mchezo usiompa mgeni tumaini lolote hufa taratibu.

Lakini mtunga sheria naye ana deni. Miaka yangu katika chuo cha ualimu ilinifunza kwamba mwanafunzi huvumilia mtihani mgumu. Asichovumilia ni kuambiwa, baada ya kukesha, kwamba alichokesha nacho hakihesabiwi tena. Anayebadilisha sheria anadaiwa taarifa mapema, sababu zinazoeleweka, na sikio la kusikiliza. Tangu 2008 wachezaji wa EVE huchagua baraza la kuzungumza na watunzi, ingawa hilo hushauri tu, haliamui. Tena watunzi wakikosea, warudi nyuma. Julai 2019 waliiondoa, katika maeneo ya mbali ya anga ile, orodha iliyomwonyesha rubani nani yumo karibu naye. Wachimba madini wakawa kama watu gizani. Wapenda hatari walishangilia, wengine wakaacha kuingia. Septemba mwaka uleule orodha ikarudishwa.

Hapo ndipo pa kutafakari, ndugu msomaji. Mchezaji aliyechoshwa ana mlango: huzima kompyuta yake akaenda zake, na kwa sababu mlango huo upo, mtunzi hulazimika kumsikiliza. Mwanafunzi hawezi kuutoka mtihani, wala mkulima hawezi kuitoka bei aliyopangiwa baada ya kupanda. Ikiwa twaona ni haki mwenye mchezo atoe taarifa na sababu kwa watu wanaoweza kuondoka wakati wowote, basi mwenye kutawala wasioweza kuondoka anadaiwa maradufu. Manung'uniko ya wachezaji tusiyaite ya kitoto. Yanatukumbusha deni ambalo sisi wenye mamlaka, nyumbani, shuleni na serikalini, hupenda kulisahau.