Gita la mgongo wa mviringo

Ukikutana na gita kuukuu la mgongo wa mviringo mjini Baraka, usilidharau. Umbo hilo lilitoka kwa Charles Kaman, Mmarekani mtengenezaji wa helikopta, aliyeanzisha kampuni ya Ovation miaka ya 1960. Mgongo wake si mbao, ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, na unyevu hauupindi. Lakini uso ni mbao, nao hupasuka.

Kabla ya kutoa pesa, itazame shingo ukianzia kichwani: imenyooka? Daraja nalo likianza kubanduka, kazi ni kubwa. Kisha, kama gita ni la kuunganishwa na umeme, fungua mahali pa betri. Betri iliyovuja hula vyuma. Visugue taratibu kwa pamba na spiriti. Mara nyingine sauti hurudi hapo hapo, na muuzaji alidhani limekufa!

Umeme ukikosekana, gita hili bado linalia. Mpiga gita Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Katanga mwaka 1952 akipiga gita kavu tu, na Afrika ikamsikia. Wewe uliye na gita lililolala juu ya kabati, mpe kijana wa kwaya leo, alisafishe na kulifunga nyuzi mpya.