Mauaji ya Bardera na Maadili ya Riwaya ya Upelelezi
Mwaka 1865 meli Welf ilivunjika katika Mto Juba, juu ya Bardera; punde kiongozi wake, Mjerumani Karl Klaus von der Decken, akauawa. Jubaland, jirani ya Garissa, ilikuwa chini ya utawala wa Kenya hadi 1925. Kwa hiyo kisa hiki kinamhusu pia mtunzi wa Kaskazini Mashariki. Riwaya ya upelelezi huuliza: nani aliua? Lakini maandishi tuliyorithi yametoka hasa kwa Wazungu walionusurika. Humo wenyeji ni washukiwa, si mashahidi. Je, mtunzi ana haki ya kumhukumu asiyesikilizwa? Tunadai hana. Hata hivyo, kumsikiliza mshukiwa si kumwondolea hatia: muktadha hueleza damu, hauifuti. Uadilifu wa mtunzi umo katika kuyabeba yote mawili.